Taulo la Njano la Wifi

Wifi yangu hana mtoto hata mmoja, lakini nyumbani kwangu watoto wakifumbua macho jina la kwanza kuwatoka mdomoni ni lake. Shangazi, soksi zangu ziko wapi. Shangazi, chupa yangu ya maji. Mimi niliyewabeba tumboni, nikawanyonyesha, nikakesha nao wakiota meno, naulizwa kama nimeiona rimoti. Basi nawaambia mapema tusije tukazungushana: wivu ninao, na si ule wa kuchekea. Wa kwangu unanikosesha hamu ya chai.

Ngoja niwaeleze huyu mwanamke alivyo, msije mkadhani namsingizia. Ni dada wa mume wangu, mfupi, mkimya, hana makuu. Kazi yake ni kuoka mikate. Anaondoka sisi tukipanda kitandani, anarudi watoto wakiamka, nyusi zina unga na kwapani kabana mkate wa moto. Hebu niambieni, nishindane vipi na mtu anayeingia mlangoni asubuhi na mkate wa moto? Analala watoto wakiwa shule, na wakirudi wanamkuta yuko macho, yuko uani anaanua nguo. Alikuja kukaa kwetu ndoa yake ilipovunjika, tukampa chumba cha uani, kwa muda tu, ndivyo alivyosema. Wakati huo mtoto wangu wa kati alikuwa bado anatambaa. Sasa wa kati anashindana kuogelea, na huo muda haujaisha.

Wanangu ni watatu na wote wamepagawa na michezo, ugonjwa walioutoa kwa baba yao, ambaye ni dereva wa lori na mchezo wake siku hizi ni kusinzia. Kifungua mimba anacheza mpira, na kwa kuwa haongei kingine tumeshamzoea kwa jina la Beki. Kitinda mimba yuko kwenye karate, tunamwita Kamanda kwa sababu anatoa amri hata akiwa chooni. Na huyo wa kati, binti yangu pekee, ni mwembamba kiasi kwamba kocha wa kuogelea alimwita Dagaa siku ya kwanza tu, na jina likaganda. Anavaa miwani kubwa inayomteremka puani, hataki kuivua mpaka kitandani. Wote nawapenda, lakini huyu nikimtazama tu, moyo unalainika.

Michezo mitatu maana yake ni njia tatu. Uwanja wa mpira uko nyuma ya shule. Karate inafundishwa ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Bwawa liko huko mwisho wa mji, kwa wenye nyumba za bustani. Siku zinagongana, mmoja anatoka mwingine anaingia, huyu lazima ale kabla ya mazoezi, yule akila kabla anatapika. Nilipokuwa naendesha mambo mimi, nyumba ilikuwa vurugu mechi. Kuna siku Kamanda alifika karate akafungua begi mbele ya mwalimu, ndani kuna njumu za kaka yake na nusu ya mkate.

Wifi alichukua nyundo akapigilia misumari mitatu ukutani, karibu na mlango wa uani. Kila mtoto na begi lake, na begi lililo karibu zaidi na mlango ndilo linalotoka kwanza. Likirudi linafunguliwa palepale uani, maana kwa wifi kitu kibichi hakikanyagi sebuleni. Cha kufua kinafuliwa, njumu zinashindiliwa magazeti zikauke, vazi la kuogelea linasuuzwa kwa maji matupu kuondoa dawa ya bwawa na kuanikwa kivulini. Halafu begi linapangwa upya siku hiyohiyo, linakwenda mwisho wa foleni, na mengine yanasogea msumari mmoja. Hakuna kuulizana nani anakwenda wapi, mtoto anatazama ukuta. Hata vibanio vya nguo kawagawia rangi: vyekundu vya Beki, vya kijani vya Kamanda, vya njano vya Dagaa. Mume wangu akirudi safari anasimama mbele ya ile misumari, anatikisa kichwa, anasema dada yangu huyu, dada yangu huyu. Mimi nipo hapohapo nimeshika sufuria.

Na mimi je? Mimi ni msusi. Mkitaka kumkuta msusi amekaa bure msimtafute Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya mashindano. Wenzangu wako bwawani wanapiga makofi, mimi nimesimama nyuma ya kichwa cha mtu nasikiliza visa vya mume wake. Jioni nikifika, Dagaa ananisimulia yote, na kila anachosimulia kina shangazi ndani yake. Shangazi alisema, shangazi alicheka, shangazi alipoinua taulo. Taulo la nini sikuuliza, kwa sababu hapo roho ilikuwa imeshanikaba.

Mwezi uliopita nikasema potelea mbali. Nikafunga kazi mchana kweupe, mteja nikamwachia msaidizi wangu akiwa na nusu kichwa, nikavaa gauni langu la maua na viatu vya kisigino, nikaenda bwawani bila kumwambia mtu. Nilitaka kumshtukiza mwanangu. Nikasimama pale kwenye ngazi, wanapotokea waogeleaji. Dagaa akapanda juu anatweta, maji yanamtiririka. Nikafungua mikono. Akanipita. Nasema akanipita, jamani, karibu kiasi kwamba maji yake yalinidondokea kiatuni. Akaenda mbio mpaka benchi la mwisho, aliposimama wifi na taulo moja la njano, kuukuu, pindo zote nyuzi tupu, akajitupa humo akafunikwa mpaka kichwa.

Mama mmoja aliyekuwa jirani yangu akaniuliza wangu ni yupi. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Kumbe?" akasema. "Siku zote nilijua mama yake ni yule mwenye taulo."

Neno hilo nililimeza pale bwawani, nikarudi nalo nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo. Toka hapo kila alichofanya wifi kilinichoma. Akimfunga Dagaa kamba za viatu naona ananionyesha mimi. Akikaa kimya naona anajifanya. Ile misumari nayo ilianza kunikodolea macho kila nikipita. Sikutaka kombe wala medali ya mtu. Nilitaka kitu kimoja, mtoto wangu akitoka majini, mbele ya wale wanawake wote, anikimbilie mimi.

Basi yakakaribia mashindano ya kufunga muhula. Nikamfuata wifi uani, yeye anaanua, mimi najitia kumsaidia. Nikamwambia Jumamosi hii apumzike, Dagaa nitampeleka mwenyewe, na begi nitalipanga mwenyewe. Nilitaka abishe. Maneno ya kumjibu nilikuwa nayo, nimeyapika tangu saluni. Yeye akasema sawa wifi, vizuri sana, mtoto atafurahi. Hivi kuna kitu kinachoudhi kama mtu uliyejiandaa kugombana naye halafu anakukubalia? Akakunja shuka, akalilaza kikapuni, kisha akaanza taratibu kwamba kuna kitu kimoja anieleze kuhusu lile taulo. Nikamkata.

"Wifi, huyu nimemzaa mimi. Sihitaji kufundishwa kumfuta maji."

Akainama kuokota vibanio vilivyodondoka, akaendelea na nguo zake.

Ijumaa jioni alipowahi kuondoka kwenda kuoka, nikaingia kazini. Begi la Dagaa lilikuwa limepauka na zipu yake imekufa, inafungwa kwa kibanio cha njano. Nikasema simpeleki mwanangu kwa wenye nyumba za bustani na kitu hicho. Nikatoa begi langu la safari, kubwa, zuri, nikalitua chini ya misumari nikaanza kukomba vitu. Taulo la njano nikaliacha linaning'inia kwa makusudi mazima. Nilikuwa nimenunua jipya, jeupe, nene, ukiligusa shavuni unataka kulala hapohapo. Halafu nikamkalisha Dagaa kati ya magoti yangu.

Hapo sasa. Hapo wifi hanifikii. Yeye anajua unga, mimi najua kichwa. Nilianzia pembeni kwa mistari myembamba, nikaizungusha, nikaipandisha, nikatia rasta, nikakusanya kila kitu utosini kwenye fundo moja kubwa lililosimama na kutazama watu. Wanawake wangelipanga foleni kwa ajili ya fundo lile. Dagaa alikuwa anajigeuzageuza, akasema shangazi huwa anambana mbili tu za nyuma, akauliza kama hii kweli itafaa. Nikamgonga kidogo kwa kitana, nikamwambia atulie, mama yake ndiye msusi. Alipojitazama kwenye kioo alitabasamu, na mimi nikalala usingizi mtamu ambao sikuwa nao kwa mwezi mzima.

Asubuhi tukatoka kabla wifi hajarudi. Bwawani tuliingia kwa maringo. Vichwa viligeuka. Yule mama wa siku ile akaja mwenyewe, akalizunguka fundo, akauliza nani kamsuka mtoto vizuri hivi. Nikamwambia ni mimi, mama yake mzazi. Hilo neno mzazi nililivuta likawa refu, lisikike mpaka ng'ambo ya maji.

Ndipo kocha akapita akiwaambia watoto wavae kofia.

Jamani. Mimi ni msusi, vichwa vya mtaa mzima vimepita mikononi mwangu, lakini sikuwaza hata mara moja kwamba kichwa cha muogeleaji huvalishwa kofia, tena ile ya mpira inayobana mpaka nyusi zinapanda. Dagaa alijaribu, haikupita. Nikajaribu mimi, nikaivuta huku na huku, ikafyatuka ikaruka ikamwangukia mtoto wa watu. Wakacheka. Kocha naye akajaribu, akaacha, akaniambia kwa adabu kabisa kwamba bila kofia mtoto haingii majini, nywele zinaziba mashine za bwawa, na zamu ya wasichana inafuata baada ya wavulana. Dagaa hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alishusha tu mabega akatazama vidole vyake vya miguu.

"Shangazi angejua," akasema.

Nikamkalisha benchini nikaanza kufumua. Nani alinituma kufunga vile? Nilikuwa nimezikaza zidumu mpaka likizo iishe. Rasta zinateleza, wavulana wameshaingia majini wanapiga maji, na wale wanawake wote sasa wanatazama pembeni kwa heshima, ambayo ni mbaya kuliko kucheka. Nikainua macho, nikamwona wifi anakuja.

Alikuwa na Beki na Kamanda. Hata aproni ya kazini hakuwa ameivua. Beki alikuwa na kandambili miguuni na amenuna, kwa sababu mchezo wake unaanza muda si mrefu na njumu zake hazipo. Nilipokuwa nakomba vitu usiku ule nilikomba na njumu, nikazileta bwawani. Wifi alikuta begi la Beki halina njumu akajua zilipo. Nikangoja aseme. Nilitaka aseme, nimjibu, tumalizane mbele za watu. Alitazama kichwa, akatazama kofia, akanitazama mimi. Akatoa njumu begini akampa Beki, akaketi upande wa pili wa Dagaa, akaanza kufumua.

Alikuwa hajui. Alivuta, Dagaa akajikunja. Nikamwambia asivute, aanzie chini, akate uzi kwanza ndipo alegeze. Akaniambia nimwonyeshe. Nikamshika vidole, vimepasuka kwa joto la tanuri, nikamwonyesha. Akauliza hivi? Nikasema ndiyo, hivyo. Sitawadanganya, hata katika balaa lile nilijisikia vizuri kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa najua, na yeye ndiye aliyekuwa anauliza.

Tukamaliza wavulana wakitoka majini. Nywele zilisimama zote, kichaka kitupu, tukazishindilia ndani ya kofia tukiwa wawili, mikono minne. Dagaa akavua miwani akanitilia kiganjani, akaondoka mbio kwenda kupanga mstari na wenzake. Nikaitia miwani mfukoni mwa gauni.

Beki alikuwa ameshaanza kumvuta wifi mkono. Wifi akasimama, akafungua mkoba wake, akatoa lile taulo la njano.

"Ulilisahau," akasema, na anajua fika kwamba sikulisahau.

Nikafungua mdomo nimwambie taulo tunalo, jipya. Akaniwahi.

"Bila miwani haoni kitu, wifi. Akitoka majini watu wote kwake ni ukungu. Anatafuta hii njano. Simama popote, inua juu, atakuja."

Basi. Akamshika Kamanda mkono, wakaondoka watatu kuwahi mpira, wifi mbele na aproni yake ya unga, hajalala tangu jana. Hakugeuka kuona kama nitaliinua au sitaliinua.

Nikageuka kutazama mabenchi. Kila mama alikuwa na taulo jeupe gotini. Jeupe, jeupe, la bluu moja, jeupe. Na langu jeupe, la bei mbaya kuliko yote. Ndipo nikaelewa kwamba siku ile Dagaa hakunipita. Hakuniona. Lile gauni la maua, vile viatu vya kisigino, mikono niliyoifungua, kwake vyote vilikuwa ukungu. Mwezi mzima nimetafuna kidonda ambacho hakikuwepo. Nilitaka kucheka peke yangu. Lakini wivu haukuniacha nifike mbali, ukaingia kwa mlango mwingine: kwa nini yeye alijua na mimi sikujua? Mtoto anavua miwani kila siku nyumbani kwangu akienda kulala. Wifi alijua kwa sababu alikuwepo Jumamosi zote ambazo mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya vichwa vya watu, na hiyo huwezi kuinunua dukani pamoja na taulo.

Firimbi ikalia. Dagaa akaingia majini, kofia imemvimba kichwani kuliko za wenzake, na nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Sijui nilisema nini. Alishika ukuta akiwa wa tatu. Wa tatu, na nywele zile! Nikalitupa jeupe benchini, nikavua viatu, nikapanda juu ya benchi na kuliinua la njano kwa mikono yote miwili.

Alipanda ngazi, akasimama. Siku ile nilikuwa najiwaza mimi; leo ndipo nikamwona kweli anavyokuwa pale. Macho kayafinya, uso mtupu, anageuza kichwa kushoto, kulia, mtoto wangu katikati ya watu na hana mtu. Halafu akaiona njano. Uso wote ukafunguka. Nimemzaa, nimemlea, na uso ule sikuwa nimewahi kuuona.

Akakimbia. Akawapita wale wanawake wote, akampita yule mama aliyeniuliza wangu ni yupi, na wote wakageuka kumtazama anakokwenda. Alikuja moja kwa moja kwangu, kama nilivyotaka. Niliruka chini nikamfungulia taulo, akajitupa humo, wa baridi, anatweta, moyo wake unagonga tumboni kwangu. Nikamfunika mpaka kichwa. Akanibana kwa mikono yake miwili myembamba, akasema humo humo ndani ya taulo, masikio yamejaa maji:

"Shangazi, umeniona?"

Yule mama alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, na sijui kama alisikia. Nikaweka kidevu juu ya kofia yake.

"Nimekuona," nikasema, kwa sauti ya chini.

Akanibana zaidi. Miwani yake ilikuwa mfukoni mwangu, naisikia pajani. Sikuwa na haraka ya kuitoa.